Anaumwa Kidogo

Majirani zangu wa Igoma waliamua siku nyingi kwamba mke wangu kanilisha limbwata. Siwalaumu. Wameniona nikifua mashuka mbele ya nyumba asubuhi wakati wanaume wenzangu wanakwenda kazini. Wameniona nikisugua masufuria kwa majivu, nje na ndani, na nikikaa kwenye kigoda na ungo magotini, nachambua mchele. Mwanaume mzima, fundi makochi mwenye karakana yake, ndevu zinaanza kuwa nyeupe. Wakipita wananisalimia kwa heshima, wakifika kwenye kona wanacheka, nawasikia.

Wasichokijua ni kwamba nikiwa na amani sigusi hata kijiko. Mke wangu ndiye anayejua. Akirudi sokoni akakuta vyombo vimeoshwa, hafurahi kama ambavyo wangefurahi wengine. Anasimama mlangoni na kikapu chake kichwani, ananiangalia mikono, halafu anauliza, "Kuna nini?"

Tangu utotoni wasiwasi kwangu unakuja mwilini kabla haujafika akilini. Unaanzia tumboni, unapanda kifuani, mikono inatetemeka na sijui hata ninaogopa nini. Mayu aliligundua hilo mapema. Mayu ni mama yangu, ndivyo tunavyowaita sisi Wasukuma. Alizaa wavulana watupu, kwa hiyo kazi za jikoni tulizifanya sisi, tupende tusipende. Nikirudi shule nalia, hakunibembeleza wala hakuniuliza nimefanywa nini. Alinipa kitu. "Shika hapa," anasema, na mimi najikuta nimeshika ncha ya shuka lililolowa, yeye kashika ncha ya pili, anapinda huku nami napinda kule mpaka maji yananimwagikia miguuni. Siku nyingine ni ungo. Siku nyingine ni viazi vya kumenya na kukata vipande vya kuanika juani. Tukimaliza, kile kilichokuwa kinaniliza kimepungua, na kazi yake imeisha pia, maana mayu hakuwa mtu wa kupoteza chozi la mtoto bure.

Siku hizi redioni kuna mtaalamu anayezungumzia afya ya akili. Anawaambia watu wapumue polepole, watembee, watafute shughuli ndogo ya kuwatuliza. Nilimsikiliza nikiwa karakana, misumari mdomoni, nakaza kitambaa kwenye kochi la mteja. Nikasema moyoni, huyu bwana anasema mambo ya mayu, tatizo lake hana beseni.

Lakini kuna wasiwasi mmoja ambao hata beseni linaushindwa, na huo nilipewa na ndugu zangu kwa nia njema kabisa. Kwetu mtu haambiwi msiba kwenye simu. Ataanguka njiani, ataparamia gari, presha itapanda yuko peke yake. Kwa hiyo anaambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo. Akifika atajionea mwenyewe, na watu wa kumshika watakuwepo. Ni huruma, naijua kuwa ni huruma, na mimi mwenyewe nimeshawahi kuwafanyia wengine.

Baba alipofariki, baba mdogo alinipigia akasema hivyo hivyo. Baba yako anaumwa kidogo, njoo nyumbani. Nilikuwa kijana bado, nikamwamini. Nikaona mgonjwa haendewi mikono mitupu, nikanunua mkate na machungwa, tena machungwa mazuri, nikasimama nikachagua moja moja na nikabishana bei na muuzaji. Njiani nilikuwa nafikiria jinsi baba atakavyolimenya chungwa kwa kisu chake, ganda zima bila kukatika. Kwenye njia ya kuingilia nyumbani nikaona turubai limefungwa uani, mabenchi, wanaume wamekaa kimya. Wanawake waliponiona wakaanza kulia kwa sauti. Baba alikuwa amekufa tangu jana yake. Mtu mmoja akaja akanipokea mfuko wa machungwa kama unavyompokea mgeni mzigo, na mpaka leo sijui yale machungwa yaliliwa na nani.

Tangu hapo maneno hayo mawili nikiyasikia popote, hata kama anaambiwa mtu mwingine, naanza kutafuta turubai kwa macho. Anaumwa sana, hilo nalielewa, huyo ni mgonjwa. Yuko mahututi, sawa, tuombe Mungu. Lakini anaumwa kidogo! Huyo kwangu ni maiti.

Sasa mwaka huu, wakati watu wanavuna mpunga, kaka yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa karakana. Yeye anaishi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, nyumba moja na mayu. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi. Akaniuliza kama niko salama, nikamjibu niko salama.

"Mdogo wangu," alisema, "mayu anaumwa kidogo. Njoo leo."

Nikasema sawa. Simu ikakatika, sijui ni yeye aliyeikata au ni mimi.

Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mpe simu niongee naye. Mtoto mdogo angeisema. Ilifika kooni ikakwama hapo, na ilikaa hapo siku nzima. Mke wangu baadaye aliniuliza kwa nini sikumpigia kaka tena. Ukweli ni kwamba nilijua nikiomba kuongea na mayu, kaka atasema kalala, au daktari yuko naye, au simu inaisha chaji, na hapo mambo yatakuwa yamekwisha. Nisipoomba, mayu bado yuko. Yuko nusu, lakini yuko. Niliing'ang'ania hiyo nusu yangu kwa mikono yote miwili.

Nikafunga karakana, kochi la mteja nimeliacha utumbo nje, nikarudi nyumbani nikatoa beseni. Nilifua mashuka. Yalipoisha nikafua mapazia. Mapazia yalipoisha nikaingia kabatini nikatoa nguo safi, zilizokunjwa, nikazitia kwenye maji nazo. Huku nafua nachambua maneno ya kaka kama ninavyochambua mchele. Kasema njoo, lakini hakusema njoo wapi. Kama mayu ni mgonjwa kweli, mbona hakutaja hospitali? Kama hakuna kitu, zile sauti nyuma yake ni za nani? Kwa nini kaniuliza kwanza kama niko salama? Kwa nini leo, isiwe kesho? Kaka yangu haniiti mdogo wangu, ananiita fundi.

Shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja. Nilifunga ncha moja kwenye nguzo ya kibaraza, nikashika nyingine, nikaanza kupinda. Nguzo haipindi na wewe. Maji yalitoka kidogo tu, na mikono ilikuwa bado inatetemeka. Nilisimama pale na lile shuka nikaona kabisa kwamba dawa yangu imegoma.

Mke wangu aliingia, akaona kamba zote zimejaa nguo na mimi nimelowa mpaka kiunoni.

"Kuna nini?"

Nikamwambia kaka kapiga, anasema mayu anaumwa kidogo. Nilimkazia macho usoni. Nilikuwa namwomba acheke. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, kwao wanasema mambo waziwazi kuliko kwetu, angeweza kusema basi mama kashikwa na malaria, acha mambo yako. Hakusema. Alitua kikapu chini taratibu, akaniambia pole, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi langu kubwa. Ndani kaweka koti, suruali nyeusi na mashati. Juu ya begi kafunga blanketi kwa kipande cha kanga.

Kila mtu kwetu anajua maana ya blanketi. Mgonjwa anapelekewa chupa ya uji, anapelekewa matunda, anapelekewa mchuzi wa samaki. Blanketi ni lako wewe, la kulala nje na wanaume wenzako mpaka siku ya kuanua matanga.

"Nimekuwekea na blanketi," alisema bila kuniangalia. "Kule kuna baridi."

Ziwa ni lile lile na upepo ni ule ule. Baridi ya Sengerema na ya Igoma zina tofauti gani? Lakini sikumbishia, nikalipokea begi. Akasema atanifuata kesho akishapata mtu wa kuangalia nyumba, na kwamba yeye mwenyewe atampigia binti yetu anayesoma Bukoba. Sikumuuliza atamwambia nini.

Mjini, kwenye kivuko cha Kamanga, kijana wa machungwa alinifuata na sinia lake akaniambia mzee, haya matamu, mpelekee mgonjwa. Pengine huwaambia abiria wote hivyo. Nilimfukuza kwa ukali mpaka watu wakageuka. Nisingeweza kubeba machungwa mara ya pili. Nilisema moyoni, ngoja nifike mikono mitupu, nikikuta turubai angalau sitakuwa nimechekwa.

Kivukoni ndipo nilipopata shida kweli, kwa sababu hakuna kazi. Umekaa, maji yanapita, mikono iko mapajani inatetemeka kila mtu anaiona. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na ndoo ya karanga, anabambua maganda. Nikamwomba nimsaidie. Aliniangalia mara mbili, akavuta mkoba wake karibu, maana mjini siku hizi huwezi kumwamini mtu, halafu akanisogezea kiganja kimoja cha karanga kwenye kanga yake. Nikabambua. Ganda linapasuka, karanga mbili, weka huku, ganda tupa kule. Kifua kilianza kulegea, nikavuta pumzi ya kwanza nzima tangu asubuhi.

Yule mama akaliona blanketi juu ya begi.

"Pole na msiba, baba," akasema.

Na mimi, kwa adabu tu, kwa mazoea ya mdomo, nikajibu, "Asante."

Nilipolisikia hilo neno limetoka, karanga zilinidondoka. Siku nzima nimekataa kuuliza, nimekataa kusema, nimefua mpaka nguo safi ili mayu asife, halafu hapa katikati ya maji nimempokelea pole mtu nisiyemjua. Nimemzika mama yangu kwa neno moja la heshima. Yule mama akadhani nalia kwa uchungu wa kawaida, akaniachia zile karanga, akatazama pembeni. Nilitamani kumwambia hapana, sijui bado. Lakini ungeanzia wapi kumweleza mtu hilo?

Gari la Sengerema lilinishusha barabarani, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani. Sikwenda hospitali. Kaka hakusema hospitali, na msiba upo nyumbani. Nilikuwa nainamisha kichwa ili nisione mbali, nahesabu mawe ya njia kwa macho, lakini kwenye kona ya mwisho jicho likainuka lenyewe. Uani kwetu kulikuwa na turubai. La bluu, kubwa.

Nilikaa juu ya begi langu pale pale njiani, juu ya lile blanketi, nikasubiri wanawake wanione waanze kulia. Hakuna aliyelia. Kuku walikuwa wanapita. Nikatazama tena, vizuri, nikaona lile turubai halijafungwa juu kwenye nguzo. Limetandikwa chini. Juu yake kumeanikwa mpunga, na jirani yetu, mama wa makamo ninayemfahamu tangu nikiwa mdogo, alikuwa anaugeuza kwa reki, kanga kajifunga kiunoni.

Nilimwendea nikamwamkia, akaitika marahaba, mwanangu. Nilitakiwa kuuliza mayu yuko wapi. Badala yake nilimwambia huu mpunga mwaka huu umekuja mzuri. Akasema tunamshukuru Mungu. Nikamwomba reki. Akanipa, kwa kushangaa, na mimi nikaanza kugeuza mpunga wa watu, kutoka ukingo huu mpaka ule, mistari imenyooka. Mungu wangu, nilivyotamani ule mpunga usiishe! Jirani alinitazama kwa muda, mikono kiunoni, halafu akaninyang'anya reki.

"Wewe mtoto una nini? Wote wako hospitali toka asubuhi. Mama yako anakusubiri wewe, unakuja kugeuza mpunga?"

Anakusubiri. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nililigeuza na hilo nalo. Maiti naye husubiri, husubiri mtoto wa mwisho afike ndipo azikwe. Na hospitali nayo si ina mochwari? Nilitembea mpaka huko begi begani, na kila aliyepishana nami alitazama blanketi kabla hajanitazama mimi.

Kaka alikuwa nje ya wodi ya wanawake, kasimama na watu wa kanisani kwake. Ndio zile sauti. Akaniambia fundi umekawia, akanielekeza ndani kwa kidole huku anaendelea na mazungumzo yake. Mtu aliyefiwa na mama haonyeshi njia kwa kidole namna hiyo. Lakini hata hapo sikuamini. Nilipita katikati ya vitanda nikitazama miguu ya watu, sithubutu kutazama nyuso, mpaka nikaiona miguu ninayoijua, nyayo zimepasuka kwa miaka ya jaruba la mpunga, na kidole gumba kinacheza.

Mayu alikuwa amekaa, kaegemea ukuta, dripu mkononi. Presha ilimwangusha asubuhi akienda kuchota maji, akajigonga bega, basi. Nikasema shikamoo mayu, sauti ikatoka nyembamba. Alinitazama mikono, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, zote tupu. Akatazama begi. Akatazama juu ya begi.

"Na blanketi la nini?"

Nikalitua begi pembeni ya kitanda.

"Umekuja kunizika?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka ukutani ili asicheke mbele yetu. Mimi nilitaka kueleza, nianze na kaka na simu, na baba, na machungwa, na yule mama wa kivukoni. Nililia pale pale, mtu mzima, na mikono yangu ikaanza kutetemeka upya kwa nguvu kuliko ilivyotetemeka siku nzima. Nilikuwa na furaha na bado niliogopa, na hofu haikujua kwamba kazi yake imekwisha.

Mayu hakunibembeleza. Kwa mkono wake usio na sindano alifungua kile kipande cha kanga, akalivuta blanketi kitandani, akatafuta ncha yake.

"Shika hapa," alisema.

Nikashika. Akanyoosha na mimi nikanyoosha, akaleta ncha yake kwangu nami nikapeleka yangu, polepole kwa sababu ya dripu. Tulilikunja nusu. Tukalikunja tena. Alitaka liwekwe chini ya miguu yake, anasema godoro la hospitali limebonyea upande wa chini. Hapo simu yangu ikaita.

Ni binti yetu, kutoka Bukoba. Alikuwa analia. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia niko na bibi yako. Akaniuliza bibi ana nini. Na mimi, nikiwa natazama miguu ya mayu inacheza juu ya blanketi, nikamwambia ukweli mtupu.

"Bibi anaumwa kidogo."

Kilio kilikatika. Niliusikia ule ukimya na nikaujua, ulikuwa wa kwangu, wa asubuhi karakana. Nilitaka kusema hapana, mwanangu, safari hii ni kweli, lakini hivyo ndivyo angesema mtu yeyote anayeficha. Halafu binti yangu akavuta kamasi, akasema sentensi ambayo mimi ilinikaa kooni siku nzima.

"Baba, mpe simu niongee naye."

Nikampa. Mayu aliishika kama kawaida yake, mdomo karibu mno, akapaza sauti wodi nzima ikasikia.

"Haloo. Ni mimi. Nani kasema nimekufa? Naumwa kidogo tu." Akasikiliza, akanitazama, akalisukuma blanketi kwa kisigino likae sawa. "Njoo. Na ukija uniletee machungwa, baba yako kaniletea blanketi."